Nyasi za Soitsambu na Plau ya Nebraska

Katika kata ya Soitsambu, kaskazini mwa wilaya ya Ngorongoro, kuna eneo la ekari 12,617 lenye majina mawili. Kwenye hati na kwenye majalada ya mahakama linaitwa Shamba la Sukenya. Kwa wafugaji wa vijiji vya Soitsambu, Sukenya na Mondorosi ni malisho, na hawajaacha kuliita hivyo. Mwaka 1984 Kampuni ya Bia Tanzania, wakati huo ikiwa shirika la umma, ilipatiwa ekari 10,000 za kijiji cha Soitsambu ili ilime shayiri. Ililima kama ekari 700, tena kwa misimu michache, kisha ikafunga virago. Nyasi zikaota juu ya matuta, ng'ombe wakarudi walikozoea kula, na kwa miaka mingi mpita njia asingejua kwamba pale pana shamba la mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ikapata hati ya miaka 99, na safari hii eneo likasomeka ekari 12,617. Mwaka 2006 miaka 96 iliyosalia ikauzwa kwa dola milioni 1.2 kwa Tanzania Conservation Limited, kampuni yenye undugu na Thomson Safaris ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliyolitaka eneo hilo kwa ajili ya utalii na uhifadhi. Tangu hapo mfugaji aliyekutwa humo na mifugo yake akahesabika mvamizi.

Kwamba mnunuzi alitoka Marekani ni sadfa. Lakini wazo lililowezesha yote hayo, yaani kwamba ardhi isiyoguswa na jembe haina mwenyewe hadi atokee wa kuiendeleza, lina ukoo mrefu, na tawi lake lililonawiri kuliko mengine liliota huko huko Marekani. Makosa ya upimaji yapo Soitsambu, na tamaa pia haikosi, ila mzizi wa mgogoro uko ndani zaidi. Sheria zetu za ardhi, kama zile zilizogawa nchi ya magharibi ya Marekani, zinalitambua jasho la mkulima na kuliona la mchungaji kama matembezi. Maadamu kipimo hicho kinabaki, kijiji cha wafugaji kinaweza kuwa na muhuri, serikali ya kijiji na ramani, na bado ardhi yake ikaonekana tupu machoni pa mwenye kalamu.

Tarehe 20 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead. Masharti yake yalieleweka hata na asiyejua kusoma. Mkuu wa kaya au mtu aliyetimiza miaka 21, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, aliweza kudai ekari 160 za ardhi ya serikali. Akikaa hapo miaka 5, akajenga nyumba, akalima na kulipa ada ndogo, ardhi inakuwa yake moja kwa moja. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na miongoni mwa waliodai siku hiyo hiyo alikuwa Daniel Freeman wa Beatrice, Nebraska, ambaye eneo lake leo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Hadi ilipofutwa mwaka 1976, huku Alaska ikiongezewa miaka 10, sheria hiyo ilikuwa imezaa hati kama milioni 1.6 na kugawa ekari milioni 270, sehemu ya kumi ya nchi nzima. Kuipuuza ni kukosa haki. Wahamiaji waliokimbia njaa Ulaya waliinuka kwa sheria hiyo. Wajane na wanawake wasioolewa walipata ardhi kwa majina yao wenyewe zama ambazo wanawake wengi hawakuwa na kura. Na Weusi waliotoka utumwani walianzisha mji wa Nicodemus huko Kansas mwaka 1877. Mwaka 1893, jijini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama mbele ya wenzake akadai kwamba ile ardhi huru ya magharibi ndiyo iliyomfinyanga Mmarekani na demokrasia yake. Wazo hilo liliingia katika vitabu vya shule, kisha katika sinema, hata likawa kama damu: mtu na mkewe, nyumba ya udongo wa nyasi, plau, na nchi isiyo na mtu mbele yao.

Nchi hiyo ilikuwa na watu. Walakota, Wacheyenne na Wapawnee waliifahamu kwa majina ya mito na kwa njia za nyati waliowafuata kila mwaka. Tayari mwaka 1823, katika shauri la Johnson na M'Intosh, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesema kwamba wenyeji wana haki ya kuikalia ardhi tu, wakati umiliki wenyewe ni wa taifa lililoivumbua. Anayezijua sheria za Tanzania atatulia kidogo hapo, kwa sababu haki ya kukalia ardhi iliyo chini ya mamlaka ya dola ndiyo msamiati tunaoutumia mpaka leo. Kisha ikaja Sheria ya Dawes ya mwaka 1887. Hiyo ilichukua ardhi za pamoja za makabila, ikampa kila mkuu wa kaya ekari 160 ili awe mkulima, na kilichobaki kikaitwa ziada na kuuzwa kwa walowezi. Mwaka huo wenyeji walikuwa na ekari milioni 138. Mwaka 1934 walibakiwa na milioni 48. Neno ziada lilifanya kazi ambayo jeshi lilikuwa limeshindwa kuimaliza, kwa kuwa lilimtaka mtu akubali kwamba ardhi asiyoilima hakuwa akiihitaji.

Huku kwetu mlango ulifunguliwa na Wajerumani. Amri ya Dola ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Dola, na aliyeamua ipi haina mwenyewe alikuwa ofisa wa Dola hiyo hiyo. Ndivyo ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walivyoweza kuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakilisha na kunywesha. Baada ya vita walikuja Waingereza na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana kama ardhi ya umma. Mwaka 1928 wakaongeza maneno ya kutambua ardhi inayoshikwa kwa mila na desturi, lakini utambuzi huo ulikuwa kivuli, na hati ndiyo iliyokuwa mti. Miteremko ya Oldeani, juu ya Karatu, ikagawiwa walowezi, wengi wao Wajerumani, wakapanda kahawa ambayo bado ipo. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa Engare Nanyuki kupisha mashamba ya walowezi, na Kirilo Japhet akalipeleka shauri lao hadi Umoja wa Mataifa.

Msomaji atauliza kama ulinganisho huu haulazimishwi. Marekani iligawa ardhi ikawa mali binafsi ya kuuzwa milele; Tanzania ilifuta umilikaji wa aina hiyo mwaka 1963, na ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina uzito. Hata hivyo inahusu nani anashika hati ya juu kabisa, na haigusi swali la ni kazi gani inayompa mtu haki ya kutoondolewa. Katika swali hilo la pili tuko karibu na Nebraska kuliko tunavyopenda kukiri. Mwalimu Nyerere, katika makala yake ya mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, aliikataa biashara ya ardhi kwa sababu ardhi ni zawadi ya Mungu. Lakini alipoeleza ni nini kinachompa mtu haki juu ya kipande chake, alitaja nguvu anazotumia kukifyeka na kukifanya kifae. Mfano uliomjia ulikuwa wa mtu mwenye panga na jembe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliirudia hoja hiyo katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, eneo ambalo leo ni la wilaya ya Karatu. Lohay Akonaay alifyeka pori mwaka 1943, akanyang'anywa ardhi wakati wa Operesheni Vijiji ya kuwakusanya watu vijijini, na Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kuzima madai ya watu kama yeye. Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema hakimiliki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba hata pasipo jengo au mazao ya kudumu, aliyeweka juhudi zake katika ardhi anastahili fidia ya haki. Hukumu hiyo ni nguzo, na Watanzania wanapaswa kuijua kama wanavyojua tarehe ya Uhuru. Lakini mzee yule angepita hata mtihani wa Lincoln: alifyeka, alilima, alikaa. Waliobaki nje ya mlango ni wale ambao juhudi zao haziachi tuta wala kisiki. Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, walilionja hilo mwaka 1985, pale Mahakama ya Rufani ilipotengua ushindi wa kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, ambalo lilikuwa likifungua mashamba ya ngano juu ya malisho kwa msaada wa Kanada.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Kiswahili kilikulia pwani, miongoni mwa wakulima, wavuvi na wafanyabiashara, na kinapotazama nyika husema pori. Pori hufyekwa. Pori likifyekwa huwa shamba, na shamba huwa na mwenyewe. Hata afisa mwenye nia njema anapoandika ripoti kwa Kiswahili fasaha kuhusu Loliondo, tarafa yenye kata ya Soitsambu, maneno yenyewe yamekwisha kumwegemeza upande mmoja kabla hajafikia takwimu. Kimaa kina maneno mengine. Alalili ni malisho yanayofungwa kwa makusudi wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Olopololi ni nyasi zilizotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Jina la Soitsambu lenyewe limetokana na jiwe na rangi: soit ni jiwe, sambu ni rangi ya mchanganyiko, ambayo Mmaasai huitaja pia anapomweleza ng'ombe. Mahali palipopewa jina kwa jicho la mchungaji hapangeweza kuwa pori la mtu yeyote.

Tutazame basi kazi hiyo isiyoacha tuta. Alalili iliyofungwa, kwa mgeni anayepita mwezi wa Aprili, inaonekana kama ardhi iliyotelekezwa: nyasi zimefika magotini, hakuna mnyama, hakuna mtu, hakuna ua. Kumbe hakuna mnyama kwa sababu wazee wamekaa wakapanga siku ya kufunga, wakapanga siku ya kufungua, na anayeingiza mifugo kabla ya siku hiyo anatozwa faini. Kijana aliyeamka alfajiri kuwapeleka ng'ombe mbali, kwenye maji ya muda na nyasi duni, amefanya hivyo ili nyasi zile zisiguswe. Kutogusa ndiyo kazi yenyewe. Tena kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa kwenye tambarare za nyasi fupi, wafugaji huondoa ng'ombe huko kwa sababu mahali nyumbu alipozalia pana ugonjwa unaoua ng'ombe na usio na tiba. Wakati huo ng'ombe wanahitaji pa kukimbilia kwenye ukanda wa juu, na Soitsambu iko katika ukanda huo. Ukiongeza ndigana kali inayoletwa na kupe, na moto unaochomwa kwa kipimo ili kuwapunguza, utaona kwamba ekari moja hapa haisomeki peke yake. Thamani yake inategemea ekari nyingine iliyoachwa wazi kilomita nyingi kutoka hapo. Ekari 160 za Nebraska zilikuwa riziki ya familia. Ekari 160 za Soitsambu, zikikatwa na kuzungushiwa mpaka, ni ng'ombe wa kufa kiangazi cha kwanza.

Wapo wanaojibu kwamba nchi maskini haiwezi kuacha ardhi ikae kusubiri kiangazi, na kwamba serikali ya mwaka 1984 ilikuwa na haki ya kutafuta shayiri ya viwanda vyake. Hoja ya uzalishaji ingekuwa na nguvu kama ingetumika kwa wote. Sheria zetu zina masharti ya maendelezo: aliyepewa ardhi na kuiacha bila kuiendeleza anaweza kunyang'anywa, na Watanzania tuna jina la ardhi ya namna hiyo, shamba pori. Kwa kipimo hicho hicho cha serikali, Sukenya ilikuwa shamba pori tangu plau ya mwisho ilipoondoka hadi hati ilipoandikwa. Aliyeacha kulima akapewa hati ya miaka 99. Waliokuwa wakiitumia kila siku wakaambiwa haikuwa na matumizi. Marekani nayo, wakati ilipomtaka maskini akae miaka 5 shambani ndipo apewe ekari 160, iliyapa makampuni ya reli mamilioni ya ekari bila kuyadai yalime hata moja. Kipimo cha matumizi hubana upande mmoja, na upande huo mara zote ni wa asiye na karatasi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wahifadhi. Watasema: leo hakuna anayetaka kulima Soitsambu, tunataka ibaki kama ilivyo, sasa plau inahusika vipi? Inahusika, kwa sababu uhifadhi wa kufukuza watu ulizaliwa nyumba moja na plau. Serikali iliyopitisha Homestead mwaka 1862 ndiyo iliyotenga Yellowstone mwaka 1872, miaka 10 tu baadaye. Ardhi ikawa ama ya kulimwa kabisa ama ya kuachwa kabisa, na anayeitumia bila kuilima hakubakiwa na mahali pa kusimama. Ndivyo ilivyokuwa Serengeti. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama kwenye makubaliano ya kuondoka huko, na mwaka uliofuata sheria ikaanzisha Hifadhi ya Ngorongoro, huku Gavana Richard Turnbull akiwaahidi Wamaasai kwamba maslahi yao yakigongana na ya wanyamapori, yao yatatangulia. Ahadi hiyo imezidi kupauka. Juni 2022 vigingi vilipigwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, askari polisi akauawa, wakazi wakajeruhiwa na wengi wakakimbilia Kenya. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ilibatilisha tangazo lililolifanya eneo hilo Pori Tengefu la Pololeti kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa, lakini serikali ilikuwa imekwisha kulipandisha eneo kuwa pori la akiba. Na waliohamishwa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, wamepewa kila kaya nyumba na ekari 5 za kulima. Mfugaji anapewa paa na jembe, kama Mlakota wa mwaka 1887. Wanyama wanaosifiwa na dunia nzima walikutwa hapa wakiishi na ng'ombe, na ushahidi huo hautoki kwenye nadharia, uko hai mbugani.

Ni kweli pia kwamba watu wameongezeka, mahindi yanalimwa kandokando ya vijiji, na wenyeji wenyewe hawakuwa na kauli moja kuhusu mwekezaji, ambaye amesema amechangia huduma za jamii na kukanusha malalamiko ya wafugaji kupigwa. Haya yanahitaji mpango, na mpango unawezekana pale tu mwenye ardhi anapojulikana. Vijiji vilitafuta jibu mahakamani, hata vikaenda mwaka 2014 kwenye mahakama ya shirikisho huko Massachusetts kuomba nyaraka. Oktoba 2015 Mahakama Kuu Arusha iliamua kwamba ekari 2,617 zilizozidi zilipatikana kinyume cha sheria, na ekari 10,000 zikabaki kwa kampuni. Hukumu hiyo ilirekebisha hesabu. Swali la thamani ya nyasi zilizotunzwa lilibaki lilipokuwa.

Na hapo ndipo sheria za mwaka 1999 zinapogongana zenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, katika kifungu cha 7, inaihesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile iliyopumzishwa, ile ya kulishia mifugo na ile ya kupitishia. Ni kifungu chema, na kinasomeka kama kilichoandikwa na mtu aliyewahi kuiona alalili. Lakini Sheria ya Ardhi iliyopitishwa sambamba nayo, inapofafanua ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla ndiyo inayoweza kupewa mwekezaji. Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyozunguka nchi mwaka 1991 na 1992, ilikuwa imependekeza ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano ya vijiji yenyewe, pendekezo ambalo halikukubaliwa. Njia ndogo zipo: mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wawindaji wasiolima kabisa, walipata hati ya kimila ya pamoja, na halmashauri za vijiji vya Loliondo hazina sababu ya kungoja, ziandike alalili na olopololi katika mipango yao ya matumizi ya ardhi kwa majina, mipaka na miezi ya kufungwa. Lakini kijiji hakiwezi kufuta maneno ya sheria ya nchi. Maneno hayo, isiyokaliwa au isiyotumika, yaliandikwa na Bunge, na Bunge ndilo linalopaswa kuyaondoa.